Majina Juu ya Mfuniko wa Tangi

Muhindo alinipigia simu nikiwa sokoni Kasese, nikibishana na muuza samaki aliyeapa kwamba sato wake walitoka ziwani Kahendero alfajiri ile, ilhali macho ya samaki wenyewe yalikuwa yanamsuta. Akasema mama yake alilala jana na asubuhi hakuamka. Sikulia. Nilimwachia yule mwanamke samaki wake, nikapita katikati ya vibanda vya mitumba na joto lile la Kasese lisilo na huruma, na jambo pekee nililoliwaza mpaka nyumbani ni kwamba sasa hakuna mtu duniani atakayeniuliza kama tumetimia kabla ya kunipakulia chakula. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wanafunzi wangu wananijua kwa ukali, na ukali wenyewe ninaumalizia kwenye ngeli. Lakini Kiswahili nilichokipenda kwanza kilikuwa hakijali ngeli hata kidogo. Kilikuwa cha Mama Katungu, mfanyabiashara kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, na nilikiokota nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka mmoja tu, ndani ya nyumba yake pale Bwera.

Mwaka ule haunijii kwa mpangilio. Unanijia kama chumba ukionacho ukiwa nusu usingizini: ukuta wa buluu uliobanduka pembeni, kalenda ya kanisa ambayo hakuna aliyekumbuka kuifunua, sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama, na harufu ya mawese ikipita chini ya mlango. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Rwenzori ukajaa uani, hata kuku wakasikika kabla ya kuonekana. Nilikuwa nimekwenda kusoma kidato cha tano, nikakuta mabweni yamejaa, na chama cha wazazi kikanitafutia mahali pa kulala. Chama kile kilikuwa kila kitu. Wazazi ndio waliochota mchanga mtoni Lubiriha, ndio waliopika siku za mitihani, ndio waliopatanisha walimu waliogombana, na Jumapili, makanisa yalipotoka, walikutana sebuleni kwa Mama Katungu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na viti vya kutosha. Mwenyekiti wao alikuwa Baba Thembo, fundi mwashi, mtu wa mikono mikubwa na hotuba ndefu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia na vitabu vyangu, nasikia yote, na sioni aibu kusema kwamba nyuma ya pazia lile nilijifunza mengi kuliko darasani.

Nyumbani tulikuwa watano: Mama, Muhindo aliyekuwa darasa la sita, wadogo zake wawili, na mimi. Kinande cha Mama na Lhukonzo yangu ni ndugu wa damu, tungeweza kuelewana kwa lugha hizo bila shida, lakini yeye alisema Kinande ni cha sala na cha kilio, mambo mengine yote yana Kiswahili chake. Jioni, bundu, ugali wa muhogo, likishasongwa na sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikishaiva, alishika upawa akauliza bila kugeuka, "Beko bote?" Maana yake, je, wote wapo? Hakupakua mpaka mtu ajibu. Kazi ya kujibu iliniangukia mimi niliyekuwa mkubwa wa watoto. Siku za kwanza nilihesabu vichwa vya wadogo, nikajijumlisha na mimi, nikasema, beko bote. Naye angegeuka, upawa mkononi, aniangalie kama niliyemwibia. "Hesabu muzuri," alisema. "Na miye niko." Watoto walicheka kila mara, na mimi kila mara nilisahau, mpaka ikawa mchezo, nikawa nasahau kwa makusudi ili nimsikie akisema.

Muhindo ndiye aliyenieleza zoea lile lilikotoka, siku moja tukichambua maharage, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayesimulia mechi. Lilitoka barabarani. Wakati wa vita Mama alitoka Beni kwa miguu, na kila waliposimama alihesabu watoto. Dada yao mkubwa, Masika, msichana wa miaka tisa, alimbeba Muhindo mgongoni siku zote zile. Kisha homa ikamshika Masika, wakamzika kando ya barabara kabla ya kufika mpakani Kasindi. Tangu siku hiyo Mama hakulitamka tena jina lile. Si jambo jepesi hilo Bwera, kwa sababu kwetu jina hufuata zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu kama mimi, na ukiita Masika sokoni wanageuka wanawake nusu ya soko. Mama alilikwepa jina hilo kwa kuwaita wote Mama Fulani, hata wale wasio na watoto.

Mwezi wa sita wakaja wageni. Walikuwa wanafunzi kumi na wawili kutoka Norwei, wa rika langu, pamoja na walimu wao wawili, na walikuja kujitolea: wangejenga nasi tangi la maji ya mvua, la chini ya ardhi, nyuma ya madarasa. Kwa majuma matatu kabla yake sebule haikupumua kwa mikutano. Nyuma ya pazia nilimsikia Baba Thembo akitaka wageni wale kuku kila siku, na Mama Katungu akimwuliza ni kuku wa nani. Nilisikia wazazi wakijadili kwa saa nzima kama Mzungu anaweza kula makayabu, ule samaki wa chumvi, bila kulazwa. Walipofika, na Baba Thembo akaona jinsi walivyochanganya saruji, aligeuka akautazama mlima kwa muda mrefu. Wale watoto walikuja kutusaidia, na sisi tukajipanga vizuri kuwasaidia watusaidie. Mikono yao ilitoka malengelenge siku ya pili, wakaifunga vitambaa wakaendelea, na hapo ndipo wazazi walipoanza kuwapenda kweli.

Kila nyumba ya chama ilipokea mgeni mmoja. Mama akapewa Marit, msichana mrefu, mkimya, mwenye nywele rangi ya majani makavu, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na mimi na Kiingereza changu. Chama kilikuwa na desturi kwamba mgeni hali chakula cha pili Bwera bila jina. Wazazi walikaa kwa duara, Mama Katungu kama mkuu wa jiko akauliza, mimi nikatafsiri: kwenu wewe ni wa ngapi kuzaliwa? Wavulana wakawa akina Bwambale na Kule, wasichana wakawa akina Biira na Kabugho, na vicheko vikawa vingi. Marit alipofikiwa aliyatazama mapaja yake, akasema yeye ndiye msichana wa kwanza kwao, na ndiye pekee. Nikatafsiri. Mama aliinuka akaenda kutazama jiko. Baba Thembo ndiye aliyelisema lile jina kwa niaba yake, na wazazi wakapiga makofi.

Siku tatu Mama alimwita mgeni wetu "mutoto". Siku ya nne, nikiwa naosha miguu kwenye jiwe la uani, nilimsikia Mama kutoka jikoni akimwita mgeni aje kula, "Masika! Kuya ule." Muhindo aliyekuwa amebeba kuni alisimama palepale. Marit hakugeuka, kwa kuwa alikuwa hajazoea, na Mama akaita tena, safari hii kwa sauti ndefu, ile sauti ambayo mama humwitia mtoto aliye mbali. Nyumba ilibadilika kuanzia siku hiyo. Sijui nieleze vipi. Ni kama mtu alifungua dirisha ambalo tulidhani ni ukuta. Mama aliimba akisonga bundu. Alianza kutia karanga kwenye sombe, karanga ambazo kwa miezi minne niliambiwa ni za kuuza. Kisha siku moja akavuta lile sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa kitenge kilichopauka, chenye ndege wa manjano, akamfunga Marit kiunoni. Muhindo alitoka nje. Nilimfuata, akaniambia kitenge kile ndicho alichobebewa yeye mgongoni mwa Masika. Nikiri jambo: niliona wivu. Nilikuwa nimeosha sufuria za nyumba ile tangu mwezi wa tatu na sikuwahi kuonyeshwa hata kufuli la sanduku.

Tulilala chumba kimoja, Marit na mimi. Jumamosi moja, nikifagia chini ya kitanda chake, daftari lilianguka na picha ikatoka: wasichana wawili ndani ya theluji, wamekumbatiana, mmoja ni Marit, mwingine anafanana naye ila ni mkubwa kidogo. Alinikuta nimeishika. Alikaa kitandani na kile kitenge kiunoni, akanieleza polepole, kwa Kiingereza chake cha shule na mimi kwa changu. Dada yake aliitwa Ingrid. Yeye ndiye aliyejiandikisha kwa safari ya Bwera. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kwanza. Akaugua, akafa kabla ya safari, na Marit akaja badala yake. Nyumbani kwao hakuna aliyelitaja jina la Ingrid tena. Meza yao ilikuwa na viti vinne, na baba yake alikitoa kimoja akakipeleka ghalani. Mtu akiuliza, mama yake anajibu ana mtoto mmoja. Ndiyo maana siku ile ya majina alijibu alivyozoea kusikia. Sasa kila akiitwa Masika anahisi ameketi juu ya dada yake. Alitaka kumwambia Mama, na alitaka mimi nitafsiri.

Nilikataa. Najua vizuri nilivyosema, kwa sababu nimejisikia nikiyasema mara nyingi tangu wakati ule. Nilimwambia, ukimwambia utakuwa umemzika mwanawe mara ya pili, na safari hii mikono itakuwa yako. Nilisema namhurumia Mama, na nilimhurumia kweli. Lakini kulikuwa na tumbo langu pia ndani yake. Nilizipenda zile karanga, nilizipenda nyimbo, niliipenda nyumba ilivyokuwa, na sikutaka mtu aifunge tena. Marit aliirudisha picha kwenye daftari. Kwa siku kumi zilizofuata alifanya kazi kama anayeadhibiwa, akabeba mawe ambayo hata wavulana waliyaacha, na akiitwa Masika aliitika "Abee, Mama" nilivyomfundisha, kisha akatazama pembeni. Nilijua anachotaka, na nilijua mimi ndiye niliyeuzuia mdomo wake, kwa kuwa bila mimi hakuwa na mdomo pale. Kwetu sisi mtoto aliyekufa anahesabiwa na nafasi yake hakai mwingine. Mimi Mbambu nina dada mmoja tu aliye hai, lakini hakuna aliyewahi kuniita Biira. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani wa kusingizia kwamba sikuelewa.

Siku ya kufunika tangi jua lilikuwa laini, limechujwa na ukungu, na wazazi wote walikuja na nguo za kanisani. Mfuniko ulikuwa wa saruji, duara kubwa, umemwagwa asubuhi na bado mbichi. Sheria ya chama, aliyoitunga Baba Thembo mwenyewe na kuipenda kuliko wanawe, ilisema aliyefanya kazi anaandika jina lake, tena lile alilopewa na chama, ili wajukuu waweze kulisoma. Kila mgeni alipewa msumari mrefu, akapiga magoti kwenye ubao, akaandika, akapigiwa makofi. Marit alikuwa wa mwisho. Aliandika muda mrefu kuliko wengine. Aliposimama, Baba Thembo aliinama asome kwa sauti kama alivyowasomea wengine, akasoma, akanyamaza, akasoma tena. "Hapa iko Ingrid, Masika," alisema. "Halafu chini iko Marit, Biira. Huyu Masika ni nani?"

Mama Katungu hakujua kusoma, lakini masikio yalimtosha. Aliniangalia mimi, si Marit. "Mbambu," akasema, "anasema nini?" Marit hakuwa amesema kitu, alikuwa amesimama na msumari mkononi, matope ya saruji magotini, ananitazama na yeye. Uongo nilikuwa nao tayari ulimini. Ningesema ni rafiki yake, wangecheka, tungekwenda kula. Nimeshindwa mambo mengi maishani, lakini lile, namshukuru Mungu, sikulishindwa. Nilimwambia Mama kila kitu, mbele ya chama chote, kuanzia picha ya theluji mpaka kiti cha ghalani, na nikamwambia pia kwamba Marit alitaka kusema siku nyingi, mimi ndiye niliyemkataza. 

Mama alishuka akachuchumaa kando ya mfuniko. Alinyoosha kidole juu ya saruji bila kuigusa. "Alizikwa wapi?" aliuliza. Marit akasema kando ya kanisa la kwao. "Mama yake anaendaka kule?" Marit akatikisa kichwa, haendi. Mama akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Basi weye ni Biira. Tangu zamani weye ni Biira. Ni miye nilikukalisha mu kiti ya mukubwa wako." Akamgeukia Baba Thembo. "Andika na wangu."

Baba Thembo alikuwa mtu mwema, ila sheria aliipenda. Alieleza taratibu kwamba chama kilikubaliana, jina ni la aliyefanya kazi.

"Wangu alibeba Muhindo mugongoni tangu Beni," Mama alisema. "Ile haiko kazi?"

Baba Thembo alichukua msumari kwa Marit, akapiga magoti na suruali yake ya Jumapili, akaandika MASIKA kwa herufi pana za fundi, na baada ya kufikiri kidogo akaongeza, wa Mama Katungu. Hapo ndipo Mama alipolia, na alilia kwa Kinande, kama alivyosema siku zote kwamba ndicho cha kilio. Wanawake wa chama walimzunguka. Marit alikuwa amesimama peke yake, nikaenda nikamshika mkono uliojaa malengelenge, naye akauacha mkononi mwangu.

Nilidhani nyumba itafungwa tena. Jioni ile Mama alipika sombe na karanga, akauliza kama tumetimia, nikajibu bila kusahau mtu. Akapakua. Kisha, akiwa anakula, akaanza kutusimulia Masika: alivyopenda ukoko wa bundu ulioungua chini ya sufuria, alivyoimba vibaya kanisani mpaka katekista akamwomba asogee nyuma, alivyomtania Muhindo barabarani kwamba akikua atambeba na yeye. Muhindo alikuwa hajawahi kusikia hata moja. Alisikiliza mkono ukiwa umesimama juu ya sahani. Marit alitaka kukirudisha kitenge, akakikunja vizuri akakiweka mapajani mwa Mama, na Mama akamrudishia. "Peleka kwa mama yako," alisema. "Mwambie ni ya kubebea." Barua ya Marit ilifika miezi mingi baadaye, nikiwa najiandaa kuondoka Bwera. Aliandika kwamba mama yake alikificha kitenge kabatini na hakusema naye siku mbili. Halafu baridi ilipoanza walikwenda kanisani pamoja, na waliporudi baba yake aliingia ghalani akatoka na kiti.

Sasa tumemzika Mama Katungu. Kwenye wasifu Muhindo alisoma majina ya watoto wa Mama kwa zamu, akaanza na Masika, na sauti yake haikuyumba. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilipanda mpaka shuleni kwa sababu Marit, ambaye sasa ana wasichana wawili wake, alinitumia sauti kwa simu akiuliza kama tangi lipo. Lipo, lakini halishiki maji tena. Chama cha wazazi cha siku hizi kimeweka matangi meusi ya plastiki, na wageni wakija siku hizi wanapanda miti. Mlinzi wa lango, mwanajeshi wa zamani ambaye shule nzima humwita Afande, alinisimamisha. "Simama hapo. Unatafuta nani?" Nilipomwambia, alilainika. Akasema mama yule alikuwa hakosi Jumamosi hata moja, na ndoo na burashi, anasugua mfuniko kama sahani. Alimtaka yeye Afande amsomee yale majina matatu, kila Jumamosi yaleyale. "Mimi nasoma, yeye ilikuwa inauliza, beko bote? Mimi nasema, beko bote, mama. Halafu inaenda kupika."

Aliniletea ndoo. Nilipiga magoti nikamwaga maji, na herufi zikaiva ndani ya saruji, nyeusi, moja baada ya nyingine, kana kwamba msumari umepita sasa hivi. Nikasoma kwa sauti. Masika. Biira. Masika. Ukungu ulikuwa ukiteremka kama asubuhi zile, na Afande amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, akingoja, kwa kuwa alijua kinachofuata. Nikahesabu, nikapata watatu. Nilikuwa nimefungua kinywa kujibu niliposikia mtu akinigombeza, upawa mkononi, hesabu muzuri, na miye niko. Nikahesabu upya, wakawa wanne.

"Beko bote," nikasema.